Jicho Chini ya Mchuzi

Mbwa ndiye aliyemwona kwanza. Alibweka mara mbili, akanusa hewa, kisha akarudi nyuma akipiga chafya. Torgyn, aliyekuwa uani akikwangua masizi kwenye kichwa cha kondoo kilichotoka kubabuliwa, aliinua macho. Langoni alikuwa amesimama msichana wa Kizungu, ameshika baiskeli iliyobebeshwa mizigo kama punda wa mnadani. Nywele zake zilikuwa zimegandamana kwa jasho na vumbi la nyika. Soksi alizozitundika kwenye usukani zikauke zilitoa uvundo ulioshinda hata harufu ya manyoya yaliyoungua.

"Maji," msichana alisema kwa Kirusi cha kubabaisha. "Tafadhali. Maji tu."

Torgyn aliitambua lafudhi ile. Alikuwa amesoma Ufaransa mwaka mzima kabla ya kuolewa, na tangu arudi kwao, mjini Taraz, hakuwa na wa kusema naye lugha ile isipokuwa sufuria zake.

"Umetoka Ufaransa?" alimuuliza kwa Kifaransa.

Msichana nusura aiangushe baiskeli. Machozi yakamlenga. "Naitwa Solène," akasema. "Nimeanza kupiga pedali mlangoni kwetu. Sijasikia neno la nyumbani tangu milima ile ya kule."

Torgyn alimwonea huruma, tena akajilaumu kwa pua yake iliyokuwa inakunjamana bila ruhusa. Lakini alikuwa amekwisha kuamua: atamjazia chupa, atamtakia safari njema, basi. Siku hiyo haikuwa ya wapita njia. Ilikuwa siku ya kuifungua nyumba mpya. Wazee wa ukoo wa mumewe walikuwa njiani, na katika karamu nzima, nyama, maandazi na baraka zao, alikuwa akilitaka jambo moja tu: Orynkul, mama mkwe wake, akubali kuhamia.

Nurtas, mumewe, ndiye kitinda mimba, na kwao mama huzeekea kwa kitinda mimba. Chumba cha mama kilijengwa kabla ya vingine, upande wa jua. Hata hivyo Orynkul aliendelea kukaa peke yake katika nyumba yake ya udongo upande wa pili wa mji, akibeba makaa ya mawe kwa ndoo. Msimu wa baridi uliopita aliteleza kwenye barafu akalala chini uani mpaka jirani alipokuja kuazima chumvi. Tangu siku ile Torgyn hakuweza kusikia upepo unavuma usiku akalala tena.

"Nani huyo?" Orynkul aliuliza kutoka mlangoni.

"Mpita njia, Apa," Torgyn akajibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Anataka maji."

"Mpita njia anafika siku ya karamu, wewe unampa maji? Shule zote zile hazikukufundisha? Huyo ni mgeni wa Mungu. Mwingize." Kisha akaifunika pua kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Mwogeshe kwanza, lakini. Siku hizi Mungu naye anatuma wageni wanaonuka."

Solène alioga, akapewa gauni la Torgyn. Alipoingia sebuleni alisimama kama aliyegonga ukuta. Vibao vya madirisha vilikuwa vimepakwa buluu iliyopauka, kama ya vijiji vya kusini mwa Ufaransa. Ukutani palining'inia sufuria za shaba, na pembeni yake kioo cha zamani kilichokuwa na madoa meusi. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha kitani kilichotariziwa herufi mbili za jina la mwanamke ambaye hakuna aliyemjua. Vishada vya maua makavu ya zambarau vilifungwa juu ya mlango. Hata namba ya nyumba ilikuwa kibao cha buluu kutoka soko la mitumba kule Ufaransa, kumi na nne, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa ya sitini na mbili, na mleta barua alikuwa amekwisha kukata tamaa.

"Nimekanyaga baiskeli mpaka huku," Solène alisema polepole, "ili nirudi jikoni kwa bibi yangu?"

"Anasemaje?" Orynkul akauliza.

"Anasema panafanana na kwa bibi yake, Apa."

"Bibi yake yu hai?"

Torgyn akauliza. "Amekufa, Apa."

"Si nilijua."

Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wa Torgyn na mama mkwe wake, kama ni haki kuuita ugomvi, kwa maana mmoja alisema na mwingine aliinamisha kichwa. Orynkul hakukichukia kitu cha marehemu kwa kuwa ni cha marehemu. Mzee aliyeishi miaka mingi akifa, watu hugombania hata kipande cha shuka lake, ili umri ule uwaambukize. Lakini ni lazima umjue. Ni lazima ujue aliishi vipi na aliondoka vipi. Kitu cha maiti usiyemjua, kilichochambuliwa kwenye lundo sokoni, hicho kwa Orynkul kilikuwa uchafu, hata ukikichemsha kutwa. Siku ya kwanza alipovikuta vitu vile alikishika kile kitambaa cha meza kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya. "Amelazwa nani juu yake?" aliuliza. Alikitazama kioo akatema mate pembeni. "Kimejaa nyuso," akasema, na hakunywa chai ya nyumba ile mpaka alipoletewa kikombe kipya kutoka dukani.

Na Torgyn alivipenda! Hakuvinunua kwa kujionyesha. Kule ugenini, wiki alizolemewa na upweke, alikuwa akizunguka sokoni Jumapili asubuhi akigusa vitu vilivyoguswa na watu wengi kabla yake, na roho yake ikitulia. Alitaka nyumba yake iwe hivyo, isiwe kama nyumba za majirani zilizojaa minara ya plastiki ya dhahabu na malaika wa plasta, ambazo ukiziingia unanusa gundi.

Kitu kimoja tu kati ya vyote kilimshinda Orynkul akakipenda. Lilikuwa bakuli refu la kauri jeupe, lililobanwa kidogo kiunoni, lenye mkono upande mmoja na mdomo ulioinuka upande wa pili, limezungushiwa maua ya waridi. Ndani, chini kabisa, lilikuwa limechorwa jicho. Jicho moja la buluu, lililo wazi, lenye kope.

"Hili sasa wanalielewa," Orynkul alisema siku alipoliona. "Kumbe hata Wafaransa wanaogopa husuda."

Torgyn naye aliwaza hivyohivyo alipolinunua. Nani asingewaza? Kila mtoto aliyemjua alivalishwa shanga yenye jicho. Alipomuuliza muuzaji kama ni la mchuzi, mzee yule alicheka akasema, "La chochote upendacho, binti yangu." Alidhani amemchekea kwa wema.

Asubuhi ile ya karamu, wakiwa jikoni wawili tu, Orynkul aliliosha bakuli mwenyewe, akalifuta, akalishika kifuani.

"Leo mchuzi utamiminwa kwa hili," akasema. "Na sikiliza, Torgyn. Mimi ni mwanamke wa kinyaa, najijua. Mama yangu alikuwa hivyo. Nikikaa hapa nitakula kwenye vyombo vyako, nitalala kwenye mashuka yako. Niahidi neno moja. Kukiwa na jambo chafu katika vitu hivi, lolote, nilisikie kwa mdomo wako. Nisije nikaambiwa sokoni na wanawake wanaocheka."

"Naahidi, Apa."

"Usinijibu haraka kama unamjibu mwalimu."

"Naahidi," Torgyn alirudia, taratibu.

Wageni walifika adhuhuri. Bibi Rysty, mkubwa wa ukoo, aliletwa ameshikwa mikono miwili, kinywa hakina hata jino. Abilkas, shemeji yake Orynkul, aliingia na tumbaku imevimba chini ya mdomo, akatafuta pa kuitemea, akaitemea kwenye chungu cha maua makavu. Torgyn aliona. Alimeza mate akatabasamu.

Nyama ilikuja juu ya sinia, imelala kwenye tambi pana za unga, inafuka moshi. Mafuta ya mkia wa kondoo yalimeremeta, yakatiririka kwenye viwiko vya watu, yakadondokea kitambaa cha kitani na kuganda juu ya zile herufi mbili kama nta. Mikono iliingia siniani, ikatoka, ikafutwa kwenye mapaja. Orynkul alisimama na bakuli lake refu, limejaa mchuzi mzito wa vitunguu na mafuta, akaumimina juu ya nyama.

"Tazameni hili," aliwaambia. "Mkwe wangu amelitoa Ufaransa. Lina jicho chini. Mchuzi ukiisha, linakuona, na likikuona hakuna jicho lingine litakalokupata."

"Basi tuutafute mwisho wake!" Abilkas akapiga ukelele. "Shemeji, jaza supu, nami nionwe. Husuda imenimaliza, tazama upara huu."

"Huo si husuda, ni mkeo," Bibi Rysty akasema, na chumba kizima kikacheka.

Basi ukawa mchezo. Bakuli lilijazwa supu ya nyama likazungushwa. Bibi Rysty alipewa kwanza kwa heshima ya umri. Alilipachika kinywani, akanyonya kwa sauti, supu ikimchuruzika kidevuni, na alipofika mwisho aliingiza ulimi akalilamba lile jicho. "Nimelibusu," akasema. Watu wakapiga makofi. Abilkas akanywa, akaacha chembe za tumbaku ukingoni. Orynkul hakuzifuta. Mwanamke yule aliyekataa kikombe cha chai alishika bakuli lililojaa mate ya ukoo mzima, akainamisha kichwa, akanywa mara mbili, na alipolishusha uso wake ulikuwa mwekundu kama wa msichana.

"Limeniona," akasema. Akamtazama mwanawe, kisha mkwewe. "Haya. Nimepingana nanyi mwaka mzima. Sanduku langu mtalifuata kesho. Mimi leo silali tena kwenye ile nyumba."

Nurtas aliinuka akamkumbatia mama yake. Torgyn alisimama na birika mkononi, macho yamemjaa. Ndipo alipomwona Solène. Msichana alikuwa amekaa mwisho wa meza, amebana midomo, uso umepauka. Mbele yake kulikuwa na sikio la kondoo alilokatiwa kwa heshima, hajaligusa. Bakuli lilipofika kwake alilipitisha kwa jirani haraka kama kaa la moto.

Torgyn aliudhika. Akamfuata jikoni msichana alipotoroka meza.

"Umeingia unanuka kama zizi," alimwambia kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini. "Tumekuogesha, tumekuvisha. Sasa chakula chetu ndicho kinachokutia kinyaa?"

"Si chakula." Solène alishika ukingo wa sinki. "Dada, chakula ni kitamu. Ni lile bakuli. Hujui ni nini?"

"La mchuzi."

"Hapana. Bibi yangu alikuwa nalo kabatini, tulilicheka kila sikukuu. Ni la mkojo. Zamani wanawake wakubwa walivaa magauni mapana hata hawawezi kukaa chooni. Wakiwa safarini, au kanisani padri akirefusha mahubiri, mtumishi aliwapitishia bakuli hilo chini ya gauni. Umbo lile ni kwa ajili ya..." Alionyesha kwa mkono, akaona haya. "Na jicho ni mzaha. Linachungulia juu."

Torgyn aliliona akilini jicho lile, la buluu, lililo wazi. Aliona ulimi wa Bibi Rysty. Akakumbuka kwamba yeye mwenyewe, wiki nzima ile, alikuwa amelitumia asubuhi kwa maziwa yake ya moto, kwa kuwa lilijaa vizuri mikononi. Maziwa hayo sasa yalimpanda kooni yakiwa na ladha aliyoitunga mwenyewe, chungu na ya uvuguvugu. Mate yalimjaa mdomoni. Aliinamia sinki akatapika, Solène akimshikia nywele.

"Labda halikutumika," msichana alinong'ona. "Mengine yalikaa kabatini tu. Na vijijini kwetu kuna vyombo vya jicho wanavyopewa maharusi wanywe, kwa utani. Lakini hivyo ni vya mviringo. Hili... sijui. Nisamehe. Ningenyamaza, ila nilishindwa kuwatazama."

Nurtas aliwakuta hapo. Alisikiliza yote, na mwanzoni kinyaa kilimpitia usoni kama kilivyompitia mkewe. Kisha akafunga mlango wa jikoni.

"Nani anajua?"

"Sisi watatu."

"Basi yameishia hapa. Wameshakunywa, hakuna aliyekufa. Bakuli litavunjika kwa bahati mbaya wakati wa kuosha."

"Nilimwahidi Apa."

"Ulimwahidi kabla hujajua! Torgyn, umemsikia? Anakuja. Mwaka mzima nimembembeleza. Unajua mama alivyo. Ukimwambia, hatakanyaga tena hapa, na msimu wa baridi uko mlangoni." Akapunguza sauti. "Kama lazima useme, sema hilo la maharusi. Sema ni chombo cha harusi cha kule. Si uongo, amesema vipo."

Moyo wa Torgyn uliruka kwa furaha. Hicho ndicho kilichomtisha. Ulirukia neno lile kama mbwa anayerushiwa mfupa, na katika nukta ile alijiona: yeye aliyejigamba kuwa nyumba yake haitakuwa na kitu bandia, akikaa mezani miaka na miaka na mama huyu, akimmiminia chai, akijua alichomnywesha na kukipamba jina. Kichefuchefu kilichomjia safari hii hakikutoka tumboni, na hakikuwa cha kutapikika.

"Nisafishie uso," alimwambia Solène.

Orynkul alikuwa katika chumba chake cha upande wa jua. Alikuwa amekaa kitandani akiligandamiza godoro kwa viganja, akipima kwa macho mahali sanduku litakapokaa.

"Njoo," akasema. "Hapa dirishani nitaweka cherehani. Mbona umepauka? Una mimba?"

"Hapana, Apa." Torgyn alirudisha mlango nyuma yake. "Lile bakuli si la mchuzi."

"La nini basi?"

"La mkojo. Wanawake wa zamani wa kule walilitia chini ya magauni yao. Sikujua. Nimejua sasa hivi, mgeni ameniambia."

Orynkul alicheka kidogo, akidhani ni utani uliopotea njia. Kisha mkono wake ukapanda polepole mpaka midomoni.

"Na jicho?"

"La mzaha. La kumchungulia anayekojoa."

"Nimekunywa."

"Ndiyo, Apa."

"Rysty amelamba."

"Ndiyo. Mgeni anasema labda halikutumika. Yapo yaliyokuwa mapambo tu. Lakini hili hatujui, na mimi siwezi kukwambia kwamba najua."

Orynkul alishika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akafungua kinywa, akaufuta ulimi. Aliufuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayesugua kutu, mpaka macho yakamtoka machozi. "Astaghafirullahi," akasema ndani ya kitambaa. Mabega yalimtikisika, akajizuia asitapike juu ya zulia jipya. Torgyn alipiga hatua kumshika, mama mkwe akainua kiganja: asimguse.

Kutoka sebuleni kilisikika kicheko cha Abilkas, akidai ajaziwe tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Nurtas."

"Alisemaje?"

Torgyn akatazama zulia.

"Mwanangu namjua," Orynkul akasema. "Ungeninyamazia. Ningeishi hapa, nikafia hapa, nisijue."

"Ulitaka ulisikie kwangu."

Mama mkwe alimtazama. Hapakuwa na upole katika macho yale, wala hasira, bali uchovu wa mtu aliyefika kwake akakuta kumefungwa. Aliinuka. Akageuka, akalinyoosha shuka mahali alipokuwa amekaa, mpaka pasionekane kwamba alikaa mtu, kama mtu afanyavyo katika nyumba ya watu.

"Walitoe mezani kabla huyo mpumbavu hajanywa tena," akasema. "Na umwambie Nurtas alete gari mlango wa nyuma, anirudishe kwangu. Siwezi kumuaga Rysty kwa mdomo huu."

Torgyn akaenda kumwita Nurtas.